Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri yetu: kikosi cha milimani kipewe ufunguo wa stoo

Dar es Salaam

Kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KIKOSI CHA KUJITOLEA CHA UOKOAJI KATIKA KATA YETU YA MILIMANI

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Ninakuandikia kwa niaba ya umoja wa wazaliwa wa kata moja ya Milima ya Uluguru tunaoishi Dar es Salaam. Tumeamua kuandika hadharani baada ya barua zetu, zilizopitia kwa mtendaji wa kata kama utaratibu unavyotaka, kupokelewa ofisini kwako, kugongwa mhuri na kunyamaziwa. Jina la kata silitaji hapa, wala majina ya wanakikosi, kwa kuwa yote yamo kwenye jalada lako. Wao wanaishi chini ya mamlaka yako na kesho watahitaji sahihi za maofisa wako kwa mambo mengine yasiyohusiana kabisa na hili. Mimi niko mbali, na kama barua hii itazaa lawama, ni afadhali lawama hiyo inifuate huku Mbagala kuliko iwaandame wao kule juu.

Kwa faida ya wasomaji wasiokijua kikosi hiki, niseme kwamba ni wanaume na wanawake wa vijiji vya juu: wakulima wa ndizi na iliki, vijana wa bodaboda, mwalimu wa shule ya msingi, na fundi seremala ambaye ndiye anayetengeneza machela zao kwa mbao na turubai. Hawalipwi chochote. Filimbi ikipigwa usiku wanaamka, wanajihesabu, wanakwenda. Kazi yao kubwa haipigwi picha. Mara nyingi ni mama mjamzito aliyeshikwa na uchungu katika kitongoji ambacho gari halijawahi kukifikia, au mzee aliyeteleza shambani akavunjika nyonga, au mtu aliyezolewa na mto uliojaa ghafla wakati kijijini kwake halijanyesha hata tone kwa sababu mvua ilipiga kileleni. Machela moja katika njia zetu inataka watu tisa: wanne wabebe, wanne wangoje zamu, na mmoja atangulie na tochi na panga. Penye utelezi zamu hubadilishwa kila baada ya hatua chache, na mgonjwa huteremshwa miguu ikitangulia ili asijione anaanguka. Haya hakuna aliyewafundisha. Wameyajua kwa kuyafanya.

Wapo watakaouliza Dar es Salaam inaingiaje katika habari ya mlimani. Mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, inayotupatia sehemu kubwa ya maji ya jiji hili, inategemea mto ambao vyanzo vyake vikuu viko Uluguru. Miteremko ya mashariki ya milima hiyo hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, karibu mara mbili ya inayonyesha hapa pwani, na mvua hiyohiyo inayoujaza Ruvu ndiyo inayolainisha udongo wa miteremko hadi ukaporomoka juu ya nyumba za watu. Anayefungua bomba Kimara au kununua mkungu wa ndizi Mabibo ana uhusiano na milima hiyo, hata kama hajawahi kuiona isipokuwa kwa dirisha la treni akipita Morogoro.

Sasa nieleze malalamiko yetu, Ndugu Mkurugenzi, nikianza na lile lililotufanya tukose usingizi.

1. Ufunguo wa stoo

Umoja wetu ulichangishana ukanunua Kariakoo vifaa ambavyo kikosi kiliviomba chenyewe: kamba, makoleo, sururu, mitalimbo, kofia ngumu, buti, tochi za kichwani, machela mbili za kukunja na msumeno wa injini wa kukatia miti iliyoangukia njia. Tulishauriwa na maofisa wako tuvikabidhi kwa Halmashauri ili viingizwe katika orodha ya mali na vipate ulinzi. Tulikubali kwa moyo mweupe, hati ya makabidhiano ikasainiwa, picha zikapigwa, na vifaa vikawekwa stoo ya ofisi ya kata. Tangu siku hiyo ufunguo uko kwa ofisa mmoja ambaye makazi yake yako tambarare, na ambaye Ijumaa jioni huteremka na kurudi Jumatatu.

Masika yaliyopita, usiku wa kuamkia Jumapili, udongo uliporomoka ukafunika nyumba. Kikosi kilifika. Kilimpigia simu mwenye ufunguo, simu haikupatikana, na mtu mwingine mwenye madaraka aliyepatikana akawaonya kwamba kuvunja kufuli la ofisi ya serikali ni kosa la jinai na atakayethubutu atajibu peke yake. Wakachimba kwa majembe ya mkono na kuhamisha tope kwa mabeseni hadi kulipokucha. Mama mmoja alitolewa akiwa hai. Mtoto wake alitolewa akiwa amekwisha kufa. Sisemi kwamba makoleo yale yangemwokoa, maana hakuna awezaye kulisema hilo kwa uaminifu. Ninasema kwamba walichimba kwa mabeseni mahali ambapo hapazidi mwendo wa nusu saa kutoka kwenye makoleo yaliyonunuliwa kwa ajili ya usiku wa namna ileile.

Katika kikao kilichofuata, kikosi kilielekezwa kwamba siku zijazo kiandike barua ya kuomba kuazima vifaa, ipitishwe na mtendaji wa kijiji, kisha ya kata. Nimesoma muhtasari wa kikao hicho zaidi ya mara moja nikitafuta kama kuna aliyeuliza barua hiyo iandikwe saa ngapi, na kwa mwanga wa nini. Geti la ushuru wa mazao lililo kwenye barabara hiyohiyo lina mtu wa zamu Jumapili, sikukuu na usiku, na ndizi haipiti bila risiti. Halmashauri yetu inaweza, basi, kuwa na mtu wa zamu inapoona pana haja.

2. Kikosi kinachokatazwa jina lakini kinaitwa kazini

Wanakikosi walipotaka kujisajili kama kikundi, ofisi moja iliwaambia kwamba uokoaji ni kazi ya vyombo vya dola na haiwezi kuwa shughuli ya kikundi cha kijamii. Wakaenda kwenye chombo cha dola ngazi ya mkoa, wakaambiwa kwamba vikundi vya hiari vinasajiliwa Halmashauri. Waliporudi Halmashauri walielezwa kwamba suala lao lingejadiliwa na kamati inayohusika na maafa, nayo ilikuwa haijakaa. Katikati ya kuzungushwa huko ikatoka barua, na hiyo ilitoka upesi, ikiwazuia kuvaa vizibao vyenye neno "uokoaji" kwa maelezo kwamba wananchi wanaweza kudhani ni watumishi wa serikali.

Wamevivua. Hata hivyo, kila linapotokea jambo, simu ya kwanza kutoka ofisi ya kata huwafikia wao, na taarifa inayopanda wilayani husema kwamba "wananchi kwa kushirikiana na serikali" walifanikisha zoezi. Hatuna ugomvi na sentensi hiyo kama ingekuwa kweli mwaka mzima.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inataka kamati za usimamizi wa maafa kuanzia taifa na mkoa hadi kata na kijiji. Hatuombi kiundwe chombo kipya, wala hatutaki kikosi kiwe jeshi dogo la mlimani. Tunachouliza ni hiki: kamati ya kijiji inayotakiwa kukabiliana na maafa itayakabili kwa mikono ya nani, ikiwa si ya watu hawa?

3. Aliyeumia akiokoa

Mwanakikosi mmoja alivunjika mguu akimvusha mgonjwa kwenye mto. Alibebwa kwa machela aliyokuwa akiibeba. Gharama za hospitali zililipwa na ndugu, majirani na kapu lililopitishwa katika mkutano wetu hapa Dar es Salaam. Kwako yeye si mtumishi, na kwa mfuko wa fidia kwa wafanyakazi yeye si mwajiriwa. Msimu mzima hakulima. Tuliomba Halmashauri itoe japo barua ya kutambua kwamba aliumia akihudumia umma, ili imsaidie mahali pengine, nayo haikutolewa.

Wenzake wanamwona anavyochechemea. Ukitaka kujua kwa nini idadi ya wanaojitokeza filimbi inapolia imeanza kupungua, usiitafute sababu mbali.

4. Mahali gari linapoishia

Hili nitalisema kwa kifupi. Mpango wa m-mama, unaopatikana kwa kupiga 115 bila malipo, umefanya jambo jema sana kwa kuwatumia na kuwalipa madereva wa kawaida wa vijijini wanaowakimbiza wajawazito na watoto wachanga pale gari la wagonjwa lisipopatikana. Kwetu dereva huyo husubiri barabara inapokatika. Kutoka kitandani hadi barabarani, saa mbili au tatu za mteremko, mama yumo mikononi mwa kikosi, na kipande hicho cha safari hakimo katika hesabu ya mtu yeyote. Tena nyuma ya mlima hakuna mtandao wa simu, hivyo tahadhari ya mvua kubwa inayotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa huwafikia watu wetu baada ya mvua yenyewe.

Hayo ndiyo malalamiko. Majibu tunayotarajia kupewa tunayajua, maana mengine tumeshayasikia kwenye korido.

La kwanza ni kwamba uokoaji una wenyewe, yaani Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na mwananchi apige 114. Tunaliheshimu jeshi hilo. Lakini hata askari wake wangekuwa wameshavaa buti simu inapoita, wangetakiwa watoke mjini, wamalize lami, wamalize barabara ya vumbi ambayo masika huigeuza kuwa tope, kisha wapande kwa miguu. Saa za mwanzo kila mahali ni za majirani. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43, waliotangulia kuifikia ni wavuvi na mitumbwi yao, na watu 24 walitoka hai. Mvuvi kijana, Majaliwa Jackson, baadaye alipewa nafasi katika Jeshi hilohilo la Zimamoto na Uokoaji. Serikali, kwa tendo lile, ilikiri kwamba mtu wa kwanza kufika ana thamani. Jengo lilipoporomoka Kariakoo Novemba 2024, katikati kabisa ya jiji lenye vituo vya zimamoto na hospitali kubwa, wa kwanza kuondoa vifusi kwa mikono walikuwa wafanyabiashara na wapita njia. Ikiwa ndivyo ilivyokuwa Kariakoo, mlimani tutegemee nini?

La pili ni kwamba watu wasio na mafunzo wanaweza kumdhuru majeruhi, kwa mfano kwa kumbeba vibaya aliyevunjika uti wa mgongo. Hoja hii ni ya kweli na tunaikubali yote. Ndiyo maana tuliomba mafunzo ya huduma ya kwanza na matumizi ya kamba katika barua ya kwanza kabisa. Kwenye Mlima Kilimanjaro mgeni anayezidiwa na hewa nyembamba huteremshwa kwa machela ya gurudumu moja, na watu waliofundishwa kuiongoza, na ada ya uokoaji imo katika malipo ya hifadhi. Ujuzi huo umo nchini mwetu, unafanywa na Watanzania, kwa Kiswahili. Kinachokosekana ni barua moja ya kuwaita waje siku chache wawafundishe wenzao.

La tatu ni bajeti, hasa ya bima ya afya tunayowaombea wanakikosi. Katika Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa, kaya ya watu hadi sita ilikuwa ikichangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Zidisha kwa kaya za wanakikosi wote, halafu linganisha na posho za kikao kimoja cha kujadili maafa. Na ufunguo wa pili wa stoo, Ndugu Mkurugenzi, unachongwa mjini kwa fedha ambayo nitaitoa mfukoni mwangu leo hii.

La nne husemwa kwa sauti ya chini: kwamba sisi wa Dar es Salaam tunatafuta udiwani na ubunge kupitia mgongo wa kikosi. Katika umoja wetu wamo wenye kadi za vyama mbalimbali na wamo wasio na chochote, na hakuna kifaa tulichokipaka rangi ya chama wala jina la mtu. Ikiwa kuna atakayegombea siku moja, mpimeni siku hiyo. Kamba haipigi kampeni.

La tano ndilo linalotuumiza zaidi, nalo ni kwamba dawa ya maporomoko ni watu washuke, hivyo kukiimarisha kikosi ni kuwahimiza waendelee kukaa mahali pa hatari. Hatupingi kwamba zipo nyumba ambazo hazikupaswa kujengwa pale zilipo, na zipo kingo za mito zilizolimwa hadi majini. Lakini ardhi ile ni ya koo, hurithiwa upande wa mama, na huwezi kuihamisha kwa tamko. Historia ya Uluguru yenyewe inafundisha: mwaka 1955 wakoloni wa Kiingereza walikabiliwa na ghasia kwa sababu ya kulazimisha matuta ya ngazi ambayo wakulima waliyaona hayaufai udongo wao. Anayetaka watu wahame kwenye mteremko mbaya atamhitaji mtu wanayemwamini awaonyeshe upi ni mbaya. Wanakikosi ndio wanaopita shamba kwa shamba wakati wa mvua wakitazama ufa mpya ardhini, chemchemi iliyogeuka tope, miti iliyoanza kuinama. Na mara kadhaa wamewashawishi watu walale kwa ndugu zao usiku mmoja au miwili. Usiku wa namna hiyo hauandikwi kwenye taarifa kwa kuwa hakuna aliyekufa.

Usidhani tunakuza mambo. Novemba 2009 maporomoko katika milima ya Upare, wilayani Same, yaliua watu zaidi ya 20. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang vilishuka hadi Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Baada ya Hanang taifa zima lilisimama, misaada ikamiminika, viongozi wakafika, na walistahili shukrani. Sisi tunaomba kabla.

Tunachoomba ni hiki. Kwanza kabisa, na ndani ya wiki hii kwa sababu hakihitaji kikao, ufunguo mmoja wa stoo ukabidhiwe kwa kiongozi wa kikosi na mwingine kwa mwenyekiti wa kijiji, kwa maandishi, pamoja na daftari la kuandika kilichotoka na kilichorudi. Tuko tayari kuwajibika kwa kitakachopotea. Pili, kikosi kitambuliwe kwa barua kama mkono wa utendaji wa kamati za maafa za kata na vijiji, na zuio la vizibao liondolewe. Kama neno "uokoaji" ndilo linaloleta shida, tupeni neno mnalolitaka, tutalichapa kwa gharama zetu. Tatu, Halmashauri igharimie bima ya afya ya wanakikosi na familia zao, na imwandikie aliyevunjika mguu barua anayostahili. Nne, kabla ya mvua za vuli, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji au Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania waalikwe kutoa mafunzo. Chakula na malazi ya wakufunzi tutayabeba sisi. Tano, zahanati ya juu ipatiwe redio koli, na ofisi ya kata ipewe jukumu la kupeleka tahadhari za hali ya hewa huko kila zinapotolewa.

Posho hatujaomba, na wanakikosi wenyewe walitusisitiza tusiombe.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 30, na tunakualika, wewe au mwakilishi wako, kwenye mkutano wa hadhara wa kata ambao mheshimiwa diwani amekubali kuuitisha baada ya muda huo. Tukipata jibu tutalitangaza lote bila kulipunguza, hata kama linatukosoa. Tusipolipata tutapeleka shauri hili kwa Mkuu wa Wilaya na kwa Idara ya Menejimenti ya Maafa katika Ofisi ya Waziri Mkuu, tukiambatanisha hati ya makabidhiano, muhtasari wa kikao na nakala za barua zote zenye mhuri wa ofisi yako.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Katibu,
kwa niaba ya umoja wa wazaliwa wa kata waishio Dar es Salaam

Nakala: Mwenyekiti wa Halmashauri; Diwani wa Kata; Mtendaji wa Kata; Kiongozi wa Kikosi